Bibi Maendeleo Asiyejua Kimakonde

Nilipelekwa Newala kwa sababu ya mdomo wangu. Ofisini kwetu Masasi nilimwambia mkubwa wangu, mbele ya watu, kwamba hotuba yake ya lishe bora ingenoga zaidi kama angewahi kushika mwiko. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya lori na sanduku langu la bati, napanda kwenda kuwa Bibi Maendeleo wa kijiji cha ujamaa ambacho nusu ya nyumba zake zilikuwa bado hazina paa.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha akina mama uji wa watoto, usafi wa nyumba na kuchimba choo. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwetu mtu akikaa kimya robo saa anaulizwa kama anaumwa. Kimakonde sikujua hata salamu, na wengi wa akina mama wale Kiswahili walikitumia mkutanoni na sokoni tu, wakifika nyumbani wanakiacha mlangoni. Basi choo nilikifundisha kwa mikono. Walicheka sana, na choo kimoja tu ndicho kilichochimbwa, cha nyumbani kwangu, nacho kikaandikwa kwenye ripoti kuwa choo cha mfano.

Ilikuwa Alhamisi mchana, mwezi wangu wa pili pale, alipokuja mama mmoja wa makamo, mwembamba, khanga yake imefifia lakini imepigwa pasi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi langu la uani. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Bibi Maendeleo, unajua Kimakonde?"

"Sijui, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Vizuri," akasema. Akageuka kunitazama vizuri, akaanza kusema Kimakonde. Alisema kama nusu saa. Mimi nikawa naitikia "mmh", maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo. Katikati alilia, bila sauti, akajifuta, akaendelea. Mwisho akainuka, akasema "Ahsante, mama," akaenda zake. Nikabaki nimeshika kikombe cha chai, najiuliza nimefanya nini.

Alhamisi iliyofuata akarudi. Jumamosi wakaja wengine wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaanza na swali lile lile kama vile karani anavyoomba kadi. Bibi Maendeleo, bado hujajua Kimakonde? Bado. Haya. Baada ya msimu mmoja wa korosho nilikuwa na watu kila alasiri. Alikuja mke mkubwa aliyekuwa na donge na mke mdogo. Alikuja mgambo aliyelala mtaroni kila ndege ya Mreno ilipopita juu yetu ikirudi ng'ambo, na aibu hiyo hakuweza kumwambia mtu anayemfahamu yeye na bunduki yake. Walikuja vijana wa darasa la saba, wengine wamekwishaota ndevu, wakakaa wanachora mchanga kwa kidole cha mguu na kusema, nadhani, mambo ya mapenzi. Wapo walioniletea ndoo ya maji, na ndoo ya maji kwenye uwanda ule wa juu, watu wanapoteremka bondeni kuyafuata, si kitu cha kumpa mtu hivi hivi. Niliwaambia wasilete. Hawakuelewa Kiswahili changu siku hiyo.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuchunguza. Ilikuwa haki yake. Vita vya Mreno vilikuwa pale chini tu, ng'ambo ya mto, na watu kuingia nyumba ya mgeni mmoja mmoja ni jambo la kuulizwa.

"Bibi Maendeleo, watu wanakuja hapa kufanya nini?"

"Kusema."

"Wanasema nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Wanasema Kimakonde."

"Sasa kwa nini wanakuja kwako?"

"Kwa sababu sijui Kimakonde."

Aliandika hilo kwenye daftari lake, akalisoma tena, akalifunga. Akatazama barabarani, kushoto na kulia. "Hujui kabisa kabisa?" akauliza. Nikamwambia kabisa. Akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema dakika arobaini, na alipoondoka macho yalikuwa mekundu. Ripoti yake ilieleza kwamba nyumbani kwangu hakuna hatari yoyote kwa taifa.

Nakiri nilijivuna. Mimi niliyefukuzwa Masasi kwa maneno, sasa nasifiwa kijiji kizima kwa kusikiliza! Nikianza kuchoka nilikuwa nawaza kupika nini jioni, uso umetulia, mmh, mmh, na wao wakienda wamepungukiwa mzigo. Sijui hata leo kama kuna kazi nyepesi kuliko ile.

Lakini lugha ni kama chawa, haikuombi ruhusa. Kimakonde kiliniingia kisimani kule bondeni, kwenye vilio vya misiba, kwa watoto waliocheza nyuma ya jiko langu. Mwaka wa pili nikaanza kushika neno hapa na neno pale, na mimi Kisambaa changu kikanisaidia kuunga yaliyobaki. Siku moja sokoni nikasikia wauza mhogo wakiambizana waniongezee bei kwa kuwa ni mgeni. Nikalipa. Siku nyingine, kwenye darasa langu la uji, mama mmoja akawaambia wenzake kwamba Bibi Maendeleo ana miguu ya mwiko. Mimi! Ningekuwa Lushoto angeijua miguu hiyo vizuri. Nikakoroga uji.

Ningewaambia, najua. Ningesema, jamani, sasa naelewa, tuache. Kila nilipokusudia, mtu akaja na uso wake, akauliza bado hujajua, na mdomo wangu ukajibu "bado" kabla sijaamua. Nilipenda kuhitajiwa. Hakuna sababu nyingine ya heshima zaidi ya hiyo, nimeitafuta sana.

Ikafika Alhamisi moja, wakati wa korosho, yule mama wa kwanza amekaa mahali pake, nami nikamwelewa yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na binti wa miaka kumi na sita. Binti alipata mimba. Mama, kwa kuogopa aibu na kwa kuogopa mumewe, alikwenda kwa mganga mmoja wa njia ya Makote akaleta mizizi, akaichemsha yeye mwenyewe, akampa mwanawe kwenye kikombe cha bati na kumwambia anywe yote. Siku ya pili binti akafa. Watu waliambiwa malaria. Na alipomaliza kusimulia aliuliza swali ambalo sasa nilitambua huliuliza kila Alhamisi, akinitazama usoni: nilimuua mimi, au alikuwa wa kufa? Halafu nikasema mmh, akanishukuru, akaenda.

Alipoondoka nikakumbuka kwamba mwaka wa kwanza, mahali fulani katikati ya maneno yake, alinyanyua mikono kama mtu anayeshika kikombe, nami nikadhani ananisimulia sherehe. Nilitabasamu. Alinitabasamia na yeye, kidogo. Usiku huo sikula, wala kesho yake, na mpaka sasa nikiona kikombe cha bati nageuza uso.

Nikaendelea kumkaribisha. Ningefanyaje? Nilimwekea chai, sukari vijiko vitatu, nikasikiliza Alhamisi baada ya Alhamisi, mwaka mzima, nikijua. Aliuliza, nikasema mmh.

Kisha ikaja Jumanne moja, na binti mwingine. Alikuwa wa darasa la saba, mrefu, mcheshi, nilimfahamu kwa kuwa ndiye aliyekuwa anaongoza ngoma wageni wa wilaya walipokuja. Akaniamkia, akakaa, akauliza swali la mlangoni. Nikajibu bado. Akaanza kusema kwa wepesi, kama anayepanga safari ya gulioni. Ana mimba, miezi mitatu. Mama yake hajui. Amekwenda kwa mganga, yule yule, njia ya Makote, na dawa anayo. Kesho mama yake akienda shamba la ujamaa, yeye ataichemsha anywe, na mama akirudi atakuta imekwisha. Akafungua pindo la khanga anionyeshe, vipande vya mizizi vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alivigeuza geuza kiganjani. Alisema anaogopa kidogo tu kwamba ni chungu.

Nilijua nikifungua mdomo yamekwisha. Kila aliyewahi kukaa pale atajua kwamba maneno yake yalikuwa na mwenye kuyasikia. Na yule mama atajua. Nilimtazama binti anavyofunga tena pindo lake, anafunga vizuri, mara mbili, asije akaidondosha.

"Usinywe," nikamwambia, kwa Kimakonde.

Aliruka kutoka kwenye benchi. "Umesema bado!"

"Nilisema uongo. Usinywe hiyo, mwanangu. Kuna mtoto alikunywa hiyo hiyo, akafa."

"Nani?"

"Siwezi kukuambia."

Haikuwa na haja. Alikuwa mzaliwa wa pale. Nilimwona anawapitia kichwani wasichana wote waliokufa kwa malaria miaka ya karibuni, mmoja mmoja, akafika kwa mmoja akasimama. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akafungua pindo, akaiweka mizizi kwenye benchi taratibu, akatoka mbio. Niliitupa kwenye choo cha mfano. Yeye alifukuzwa shule, kama sheria ilivyokuwa, na masika akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa, lakini hayo ni ya baadaye.

Habari ilikimbia kuliko yeye. Jumatano asubuhi sokoni walinyamaza nilipofika, wote, hata watoto. Mgambo akabadilisha njia. Balozi alikuja akasimama nje ya uzio, hakuvuka. "Bibi Maendeleo," akasema, "yale niliyoyasema juu ya mwenyekiti wa kijiji, yalikuwa utani."

"Nilijua ni utani, baba."

"Na ya mke wangu pia."

"Pia."

Alitikisa kichwa, akaondoka haraka. Nilichukua ndoo, nikateremka bondeni kuchota mwenyewe, na njiani kurudi nililia kwa hasira, nikimlaumu mkubwa wangu wa Masasi, mganga, Wareno, wote isipokuwa mwenye kosa. Maji nusu yakamwagika.

Alhamisi nilifagia uani kwa mazoea tu. Sikumtarajia. Alikuja saa ile ile, khanga imepigwa pasi, hakukaa.

"Tangu lini?" akauliza, kwa Kimakonde.

"Tangu korosho za mwaka jana."

Nilijua anahesabu Alhamisi. "Kwa hiyo ulijua," akasema. "Ukawa unanipa chai."

"Nilikuwa nakupa chai."

"Yule mtoto alikuja kwangu jana. Alipiga magoti mlangoni, akaniuliza kama mwanangu aliumwa sana."

"Mama, nisamehe. Sikutaja jina, naapa, ila..."

Akainua mkono ninyamaze. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia aliumwa sana. Nilimwambia kikombe nilikishika mimi." Sauti yake ilikuwa kavu. Nilimsogezea benchi. Akakaa ukingoni, kama mgeni.

"Miaka hii yote nakuuliza jambo moja," akasema. "Nilikuwa nauliza ukuta, sawa, nilijua ni ukuta, nilitaka ukuta. Sasa unasikia. Nijibu."

Mimi mwenye mdomo. Mimi niliyemjibu mkubwa wangu mbele ya ofisi nzima. Nilikuwa na mwaka mzima wa kulitafuta jibu la mwanamke huyu nikijua swali lake, na sikulitafuta, kwa sababu sikutarajia kuombwa. Nilitaka kumwambia hapana, si wewe, ni siku zake zilifika. Ndiyo jibu ambalo kila mtu angempa, na angeondoka nalo akarudi Alhamisi nyingine na swali lile lile.

"Dawa ulimpa wewe," nikamwambia. "Na hukutaka afe."

Alinigeukia mzima mzima. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, yote mawili, polepole. Akaangusha kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza uani kwangu akamlilia mwanawe kwa sauti, akimtaja jina, mpaka majirani wakaanza kutoka majumbani mwao na kuja.