Kona Iliyomficha Mama Yake Ponsian

Saa tano asubuhi, Agosti 1996, Sibwesa. Nje jua linawaka, lakini ndani ya nyumba ya Bibi Annonciata mtu haoni hata kiganja chake. Ponsian, mpiga picha kutoka Misunkumilo, amefunga mlango na kuziba kidirisha kwa blanketi. Kamera imesimama juu ya miguu mitatu, jicho lake likiachwa wazi muda wote. Yeye, ndani ya shati jeusi, anatembea peku gizani na flashi mkononi.

Pa! Kona ya mafiga. Anahama, anaipa kamera mgongo. Pa! Uvunguni mwa kitanda.

Flashi moja haikimalizi chumba, kwa hiyo anagawa mwanga kona kwa kona, zote ziingie kwenye picha moja. Kuta zina masizi ya miaka ishirini na mitatu na zinameza mwanga kwa uchu. Kila kona anaipiga mara mbili.

Jumamosi nyumba hii inabomolewa. Claude, mwana wa Bibi, ameshachoma matofali na bati zimefika. Bibi hakatai bati. Nani anapenda kuvujiwa? Ila humu ndimo alimopata usingizi kwa mara ya kwanza tangu akimbie Burundi, na humu alizaa watoto wanne. Anataka abaki nayo walau kwenye karatasi.

Asubuhi mambo nusura yaharibike. Kwa heshima ya mgeni, wakaza mwana wa Bibi walikuwa wamefagia na kutoa kila kitu, vikapu, vyungu, mkeka, wakabakiza kiti kipya na redio ya Claude.

"Nyie mmeihamisha nyumba yote," Ponsian aliwatania. "Nimekuja kupiga picha ya Bibi na vitu vyake, siyo redio."

Wakavirudisha huku wakibishana chungu kilikaa wapi. Aliyejua ni Bibi peke yake.

Kwa nini ajisumbue hivi? Kabla ya kufunga mlango, Ponsian, mwenye miaka 41, alimtolea Bibi bahasha kuukuu kwenye begi. Ndani mna picha ya mwaka 1984, nyumbani kwao Mamba. Ndiyo kwanza alikuwa ameuza magunia manne ya mpunga, akanunua kamera na kurudi kijijini kwa maringo. Alisimama mlangoni, akapiga flashi moja, akaaga.

Kinu kilichokuwa karibu na mlango kimeng'aa utadhani kimemwagiwa unga. Nyuma yake ni weusi mtupu. Mama yake, Getrude, alikuwa ameketi huko nyuma akichagua mbegu.

Alijiambia atairudia Krismasi. Mama akafariki Novemba. Majuto ni mjukuu, na Ponsian anamlea huyo wake mwaka wa kumi na mbili sasa.

"Yumo humu," alimwambia Bibi, akigusa ule weusi kwa kidole. "Alikuwa ananiangalia, anacheka. Mimi ndiye sikumfikishia mwanga."

Tangu picha ile ya Mamba hapigi tena picha ya ndani akiwa mlangoni. Betri nne hazivuki nyumba mbili, na wenzake wanaopiga picha juani pale Mpanda mjini wanamwambia hiyo ni kazi ya hasara. Habishi.

Sasa, gizani, imebaki flashi ya mwisho, ya Bibi mwenyewe, aliyeketi mkekani kando ya chungu. Ponsian anamwomba atulie.

"Nimetulia, mwanangu," sauti inajibu gizani. "Ila usinipite."

Pa!

Ijumaa, picha iliyosafishwa Misunkumilo inafika Sibwesa. Vikapu vimo, chungu kimo, hata ufa wa ukutani umo, na Bibi yuko katikati anacheka. Bibi anaipokea na kuifunga ndani ya kitenge.

Ponsian anafunga begi kwenye baiskeli. Kabla ya mvua anakwenda Mamba. Nyumba ya mama yake bado imesimama. Kaka yake, Denis, anawekamo mpunga. Ponsian amemtumia ujumbe kwamba magunia yahamishwe, kinu kirudishwe karibu na mlango, na mkeka utandikwe kule nyuma.

"Mama hayupo, najua," anamwambia Bibi. "Lakini kona ipo. Safari hii nitaingia mpaka ndani."