Pipa la Maji Ukweni

Chekeni tu, nimeshazoea, maana pale mtaani Jericho hadi leo kuna watu hawanijui kwa jina ila kwa lile pipa.

Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha hesabu darasa la nne, na wiki nzima nilikuwa nimewaimbisha watoto kwamba umbo likikaa kwa uso wake bapa halina safari, likilala kwa uso wa mviringo litabingirika. Jumamosi tukaenda kwa kina Mueni, mchumba wangu, kupeleka mbuzi watatu. (Sisi wa magharibi mwa nchi tunajua ng'ombe, lakini kwa Wakamba mbuzi hao wasipochinjwa na kuliwa, hata uwe na pete ya dhahabu, huna mke.) Wazee wangu walinionya nikae nyuma yao kimya, kusema ni kazi yao.

Basi mfereji wa nyumbani ukawa umekauka, mama mkwe hana maji ya kupikia, na pipa lao limejazwa kule juu barabarani, linasubiri mkokoteni. Nikainuka na suti yangu (ya kuazima, suruali pana chini) nikasema mkokoteni wa nini, pipa lina nyuso mbili bapa na mmoja wa mviringo, tunalilaza tu, linakuja lenyewe.

Mueni akaninong'oneza, "Mwalimu, hapa si darasani. Kaa."

Sikukaa. Nikakaza kizibo, nikalilaza, likaanza kuteremka taratibu kama mtoto mtiifu, mkono mmoja nimeligusa, mwingine nawapungia wakwe langoni, na tulipofika penye mteremko mkali (ambao sikuwahi kuufundisha) pipa likaniacha. Nikalifukuza, kiatu kikachomoka, wakwe wakatawanyika, likapita katikati yao likagonga nguzo ya kuanikia nguo, palepale walipofungwa mbuzi. Nguzo ikaanguka, kizibo kikaruka, maji yakamwosha baba mkwe viatu vyake vya kanisani, na mbuzi wote watatu wakashika njia ya Soko la Burma, kwenye mabucha, kana kwamba wameitwa.

Nilijua nimempoteza Mueni. Nilikimbia na kiatu kimoja hadi Burma, moyo mkononi. Wawili niliwakuta wakila maganda ya ndizi nyuma ya bucha, lakini wa tatu alikuwa ameshikwa na mchinjaji mmoja aliyekataa katakata kuamini kwamba mtu wa tai na soksi iliyotoboka ndiye mwenye mbuzi. Nikaeleza, nikabembeleza, nikakaribia kulia, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mpe mbuzi wake," Mueni alisema, kiatu changu mkononi. "Huyu ni bwana wangu."

Na mbuzi walikuwa bado hawajaliwa.

Waliliwa jioni, wakwe wakinitazama na kucheka hadi machozi. Tangu siku hiyo kwangu pipa husimama kwa uso wake bapa, na mimi, nikiwa ukweni, hukaa.