Mablanketi Kumi na Mawili na Taa ya Picha

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, enzi za Mwingereza, nilipofundisha somo zima mbele ya watoto arobaini na wawili na Bwana Mkaguzi. Nililifundisha kwa sauti na kwa madaha, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelisikia. Walikuwa wamelala wote. Usicheke bado, mwanangu, ngoja nifike huko.

Nakueleza haya kwa sababu Jumatatu unakwenda Igwachanya kwenye mazoezi ya kufundisha, na tangu juzi mazungumzo yako yote ni projekta. Projekta hivi, projekta vile, waya wake, begi lake. Hujaniambia hata mara moja utawafundisha nini hao watoto. Nikakusikiliza, nikajiona mwenyewe nikiwa na miaka ishirini, kaptula imepigwa pasi na kichwa kimejaa majivuno.

Sisi tulikuwa na taa ya picha. Lilikuwa sanduku la bati lenye bomba la kutolea moshi, ndani mna taa ya mafuta, mbele kioo kinene. Ukipachika katikati kipande cha kioo chenye picha, picha ile inatokea ukutani, kubwa, mradi chumba kiwe na giza. Siku moja mwalimu wetu chuoni aliuliza nani anajua kuitumia, maana aliyeijua angepewa aende nayo kwenye mazoezi. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kusema kweli nilikuwa nimeiona mara moja tu, pale misheni ya Uwemba, nikichungulia dirishani, tena kwa nyuma. Nilichokuwa nakijua ni mgongo wake.

Wenzangu walinitazama kwa wivu, nami nikaufurahia ule wivu wao, Mungu anisamehe. Nikapakia sanduku kwenye lori pale Makambako, nikalipakata njia nzima mpaka Njombe huku nikimgombeza kila abiria aliyelisogelea. Mama mmoja mwenye kuku aliniuliza kama nimebeba maiti ya mtoto. Nikamjibu kwamba nimebeba elimu ya kisasa. Akahamia upande wa pili na kuku wake.

Lakini usidhani lilikuwa jambo la mchezo kwangu. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuondoka na lori la manamba kwenda kukata mkonge, na lori hilohilo lilikuwa linaningoja kama ningeshindwa mtihani wa kufundisha. Tena Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu, kabla hata sijawa. Nilikuwa nikifikiria kurudi nyumbani bila cheti, usingizi unaniruka.

Shule niliyopelekwa ilikuwa ya tope na nyasi, nje kidogo ya mji, na mkuu wake alikuwa mzee mmoja mpole, Mwalimu Mlelwa. Alinipa darasa la nne. Wiki mbili nilifundisha kwa chaki na ubao, naye akanisikiliza akiwa mlangoni, akaniambia mambo yanakwenda vizuri.

"Sasa hiyo taa ya nini, kijana wangu?" akaniuliza.

"Itawasaidia watoto kuona, Mwalimu," nikamjibu. "Siku hizi huko duniani ndivyo wanavyofundisha."

"Haya," akasema. 

Nikaanza kujifunza kwa siri, stoo, katikati ya majembe ya shule. Siku ya kwanza nilitoa moshi mpaka watu wakaja na ndoo za maji. Siku ya pili niliunguza nyusi. Siku ya tatu picha ikatoka, lakini meli ilikuwa chini juu, watu wananing'inia kwa miguu. Ilinichukua siku nzima kugundua kwamba kioo hupachikwa kichwa chini ndipo picha isimame sawasawa. Nilipoifanikisha nililia, sikufichi.

Sasa likabaki suala la giza. Darasa lilikuwa na madirisha sita, hayana hata ubao mmoja wa kufungia, na upepo wa Njombe wa mwezi wa saba unaujua. Nikapata akili. Nikawaambia watoto waje na mablanketi kutoka nyumbani. Fikiria mwenyewe, mwanangu: Njombe, mwezi wa saba, umande umeganda mweupe kwenye majani, nami nawavua watu mablanketi! Lakini mwalimu akisema, wazazi walitii. Yalikuja kumi na mawili. Nikaziba kila dirisha, mengine kwa blanketi juu ya blanketi, na mlango pia.

Bwana Mkaguzi alifika saa nne. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kizuri, na makaratasi yake ndiyo yaliyokuwa na cheti changu au lori langu. Akaketi nyuma kabisa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Nikawasha taa. Haikutoa moshi. Ikatokea bandari ya Dar es Salaam, ukuta mzima, na watoto wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Hapo nilijiona nimeshafaulu.

Nikaanza kueleza. Nikaeleza meli, nikaeleza winchi, nikaeleza mizigo inavyopakiwa na kupakuliwa. Macho yangu yalikuwa ukutani na kwenye taa, ukutani na kwenye taa, maana utambi wake ulitaka kuangaliwa kila mara. Nikauliza, "Mmeelewa?" Kimya. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba leo wametulia kweli. Nikasikia sauti ya mkoromo, nikadhani ni taa inanguruma, nikapunguza utambi.

Mara blanketi la mlangoni likang'olewa kwa nguvu na mwanga ukafurika. Alikuwa bibi mmoja, mwenye mjukuu wake mle darasani.

"Kamwene, mwalimu," akasema huku akilikunja. "Nimefuata blanketi langu. Babu yake Yoramu anatetemeka kule, meno yanagongana." Kisha akatazama ndani. "Yesu wangu! Mbona umewalaza watoto? Ndiyo shule ya siku hizi?"

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza kugeuka tangu niwashe ile taa. Watoto arobaini na wawili wameegemeana, midomo wazi, mmoja amekumbatia kiazi chake cha kuchoma. Wangefanya nini, maskini? Walikuwa wameamka jogoo la kwanza, wametembea pekupeku kwenye baridi ile, halafu mimi nimewaingizia giza, taa na mablanketi. Tangu shule ile ijengwe, darasa lilikuwa halijawahi kupata joto. Bwana Mkaguzi peke yake alikuwa macho. Kitoto kimoja kilikuwa kimemlalia mkono wake wa kulia, naye hakuweza kuandika kwa kuogopa kukiamsha.

 Nililiona lori la manamba kabisa, mwanangu, na kiti changu ndani yake.

Mwalimu Mlelwa akaingia nyuma ya yule bibi. Akanisogelea, akasema taratibu, "Uliniambia taa itawasaidia watoto kuona. Wewe ulikuwa unamwona nani?"

 Bwana Mkaguzi akatazama saa yake. "Kuna robo saa bado," akasema.

Nikaizima taa. Nikamrudishia bibi blanketi lake kwa mikono miwili, nikashusha na yale mengine, upepo ukaingia, watoto wakaamka wakipiga chafya. Nikawatazama usoni, mmoja mmoja. Yoramu akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, meli ni nini?" Nusu saa nzima nimeeleza winchi, na mtoto hajui meli ni nini! Nikapindua mabenchi mawili, tukayaita meli. Nikaomba viazi vyao, vikawa mizigo. Wengine wakawa wapagazi, mmoja nahodha, na yule bibi, ambaye alikataa kuondoka, akawa anasimamia mizigo na kuwafokea wapagazi wavivu. Kengele ilipolia walikataa kutoka nje, na kiazi kimoja kilikuwa kimeliwa na nahodha.

Bwana Mkaguzi akatuita mimi na Mwalimu Mlelwa nje. "Somo la kwanza ameshindwa," akasema. "La pili amefaulu. Niandike lipi?"

Nilimtazama mzee yule kwa macho ya kuomba. Alinipenda, nilijua.

"Andika yote mawili, Bwana," akasema.

Basi yakaandikwa yote mawili. Sikupanda lori, lakini cheti sikupata mwaka ule. Nilirudia muhula mzima chini ya Mwalimu Mlelwa, na Mama ilibidi asimame tena kanisani aseme bado sijawa mwalimu. Niliona haya, na nilimkasirikia mzee yule miezi miwili. Leo kila nikimkumbuka namshukuru. Angenionea huruma siku ile, ningeufundisha ukuta miaka arobaini.

Taa sikuitupa. Muhula ule niliitumia tena, safari hii na dirisha moja wazi. Picha ilipauka kidogo. Lakini nilimwona anayepiga miayo, nikamwona asiyeelewa na anaona haya kuuliza, nikasimama nikarudia.

Kwa hiyo chukua projekta yako, mwanangu, wala sikukatazi. Kama hujui kuitumia, sema hujui; mimi mkono wangu ulinigharimu mwaka. Na utakapoiwasha, waache watoto watazame picha, wewe watazame watoto. Acha dirisha moja wazi, hata picha ikipauka.

Nenda salama. Mungu wa baba zetu akupe sauti isiyokauka na macho yasiyochoka kuwatazama, na siku ukishindwa, akuwekee karibu mtu wa kusema iandikwe kama ilivyokuwa. Amina.