Fainali ya Wasichana wa Lufingo

Juma lililopita nilipita Lufingo, nikakuta uwanja wa shule yetu ya zamani umepandwa maparachichi. Miti imeshaanza kuzaa. Nilisimama pale kwenye mvua yetu ile nyembamba, unaijua, isiyonyesha sana wala kukatika, na ghafla nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, upande lilipokuwa goli. Sikugeuka.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa kike aliyehamia kwetu alituuliza kwa nini wasichana hatuchezi mpira, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, tukaanza. Tulifanya mazoezi jioni, baada ya kukata majani ya ng'ombe. Nikirudi, bibi alikuwa amenifunikia ndizi na maharage, akilalamika kwamba siku hizi miguu yangu inakula kuliko tumbo.

Golini alisimama jirani yangu, mtoto pekee wa mama mjane. Tulikaa dawati moja, mvua ikinyesha tulijifunika jani moja la mgomba. Hakuogopa mpira wala miguu ya watu.

Lilikuwa kombe la shule za wilaya. Mechi mbili za mwanzo tulipita kwa penalti, zote alizipangua yeye. Nusu fainali tukakutana na wasichana wa Bagamoyo, si ile ya pwani bali mtaa wa mji wetu wa wilaya, watoto wa mjini wenye viatu vya njumu, sisi tukiwa peku. Dakika za mwisho alijitupa miguuni kwa mshambuliaji wao, akapigwa goti la kichwa. Alilala kidogo, akainuka akicheka, na tukashinda. Upande wa pili, Isongole walifika fainali bila kufungwa hata bao moja.

Siku ya tatu, tukiwa tunateka maji, aliniambia kichwa hakijaacha kumuuma na asubuhi ametapika.

"Nimwambie mwalimu?"

"Atakutoa," nikamjibu. "Ngoja kwanza fainali ipite."

Akangoja.

Isongole walikuja na lori la viazi, wakiimba tangu kona ya kanisani. Walitushambulia mpaka tukasahau goli lao liko wapi, lakini yeye alidaka kila kitu. Mara moja nilimwona ameshika nguzo ya goli, amefumba macho. Nikatazama pembeni. Tulishinda kwa bao moja, wakambeba juu juu, na mama yake akacheza mpaka kitenge kikamdondoka.

Jumatatu nilikaa peke yangu kwenye dawati. Alikuwa ameanguka jikoni alfajiri akiwasha moto. Hakufika hospitali.

Matanga yalipokwisha, mama yake aliniita, akanimiminia maziwa.

"Mwanangu, alikuambia kama anaumwa?"

"Hapana, mama."

Akanishika mkono. "Ndaga," akasema, asante ya kwetu. "Basi hakuteseka."

Kila likizo nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kusema ukweli. Na kila mara alinipokea kwa furaha, akiwaambia wageni kuwa mimi ndiye ninayejua kwamba binti yake hakupata maumivu. Ningeanzia wapi? Nilikunywa maziwa yake, nikaaga.

Mwaka jana naye tulimzika, kando ya mtoto wake. Bibi alishatangulia, mwalimu alihamishwa zamani, na wachezaji wenzangu wametawanyika. Nimekuwa mtu mzima, jibu la kweli ninalo, na aliyekuwa akiuliza hayupo.