Upepo wa Tairi

Juzi niliona njia mpya ya baiskeli kando ya barabara, laini kama sakafu, nikamkumbuka mama.

Alasiri ile pale mtaani kwetu Lindi mama alizidiwa na tumbo, na hospitali ilikuwa mbali. Baba alikunja sweta juu ya keria ya baiskeli, kisha akatoa upepo kidogo kwenye tairi zote mbili. "Mawe yasimuumize sana," aliniambia. Wakaondoka polepole, harufu ya omena, dagaa wa jirani, ikiwafuata.

Baba alirudi akisukuma baiskeli, sweta begani, keria tupu. Nilidhani anatembea kwa sababu tairi hazina upepo, nikamkimbilia na pampu.

"Wacha tu," akasema. "Hakuna wa kubeba tena."

Mawe ya Lindi bado yapo palepale.