Nilifunga turubai la kambi ya kuwinda uani kwetu Mtoni, mtaa mzima ukaja kuzika

Wakuu, salamu kwa wote, mlio kivulini na mlio juani.

Ninachosimulia hapa hakijatiwa chumvi. Anayebisha aje Mtoni aulize "kwa yule jamaa wa turubai". Ataletwa mpaka mlangoni, na njiani atachekeshwa bure.

Nimeona uzi humu, mtu anauliza jinsi ya kufunga kambi ya kuwinda yenye starehe. Wataalamu wakamjibu, mara jiko liwe hivi, mara kitanda kiwe vile. Nikacheka peke yangu. Kambi yenye starehe mie nimeifunga. Starehe ilizidi mpaka wakaja watu ambao sikuwaalika.

Tuanze na Mzee wangu.

Baba na kaka yake, Baba Mkubwa wa Kawe, enzi zao walikuwa wawindaji. Walikuwa na kibali, wana bunduki aliyowaachia babu, wana turubai lao. Wanapotelea maporini huko Rufiji, wanarudi na kanga, paa, na uongo mwingi. Sisi watoto tulikula vyote.

Kisha wakanuniana. Sababu ni hiyo hiyo bunduki. Baba aliona macho yake yamechoka, akaipeleka polisi akaisalimisha. Hakumwambia kaka yake. Baba Mkubwa alipopata habari hakupiga kelele. Aliacha tu kuja kwetu. Idi haji. Harusi yangu alituma salamu. Wazee wawili wenye mvi na wajukuu, wamesusiana kama watoto waliogombania gololi.

Basi Mzee akaugua moyo, akalazwa. Kila nikienda kumwona, kabla hata sijafungua hotpot ya uji, swali ni moja tu.

"Kaka yangu kasemaje?"

Kaka yake nilishampigia. Alinijibu, "Mwanangu, nikija hapo nitazungumza nini naye?" Nikamwambia njoo tu, mazungumzo yatajileta. Akasema atakuja. Nikampelekea Mzee jibu hilo. Kesho yake nikampelekea tena. Ilifika mahali naona aibu kuingia wodini.

Siku moja Mzee akasema anatamani kulala porini tena, japo mara moja, asikie kanga wanavyolia alfajiri. Daktari akasema akipata nafuu si vibaya, ila asilale chini, asipigwe baridi, na asiwe mtu wa kuinama inama.

Hapo ndipo nilipogeuka mtaalamu wa kambi.

Nina rafiki yangu, Deo, ana bunduki halali na kibali cha kuwinda ndege. Hilo nalisema mapema kabla hamjanichoma kwa watu wa maliasili. Mpango ulikuwa Deo awinde, Mzee akae kwenye kiti asikilize.

Nikaingia mtandaoni kuangalia Wazungu wanavyofanya. Unamwona Mzungu kafunga hema kubwa la turubai, lina kuta, ndani anasimama wima. Jiko la chuma liko ndani, bomba la moshi limetokea juu kwenye paa. Kitanda, zulia, taa, na mbwa kalala. Nikajikagua nikaona ninachokosa ni mbwa tu.

Hema la namna ile dukani bei yake siitaji hapa, kuna watu wana presha. Nikaenda kwa fundi Kassim, anayeshona na kukodisha maturubai mtaani kwetu. Nikamchorea. Akaigeuza karatasi huku na huku.

"Hili mbona lina kuta? Watu watapita wapi?"

"La kulala hili, fundi."

Akanitazama kwa huruma sana. Lakini alishona, tena vizuri, kwa lile lile turubai la kijani analoshonea maturubai yake yote. Na mabomba ya kulisimamishia akaniazima yale yale anayokodisha.

Sasa wakuu, mnaoishi mbali na Dar naomba niwaeleze jambo. Kwetu turubai halifungwi uani kwa kujifurahisha. Turubai ni shughuli au msiba. Shughuli utaijua wiki nzima kabla, maana kuna sare, kuna michango, na spika zinajaribiwa mpaka vyombo vinadondoka kabatini. Lakini turubai likifungwa asubuhi, kimya kimya, kwenye nyumba ambayo baba mwenye nyumba kalazwa, hapo hakuna wa kuuliza.

Mie nimezaliwa Mtoni, nimekulia Mtoni, maturubai ya misiba nimeyafunga kwa mikono yangu tangu nina miaka ya kutumwa dukani. Hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nawaza bomba la moshi.

Siku Mzee anaruhusiwa, mke wangu alitangulia hospitali asubuhi. Mie nikabaki nifunge hema uani. Nilitaka Mzee akifika aikute kambi yake, ajilaze humo mchana, tujue kama kitanda kinamfaa kabla ya kumpeleka porini. Surprise. Si ndivyo Wazungu wanavyofanya?

Guta la mizigo la fundi likaja na turubai, mabomba, na viti vya plastiki. Viti sikuagiza. Jamaa wa guta akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi hajanitajia viti, ila najua tu umechanganyikiwa, braza. Vitahitajika." Akavishusha, akavipanga mistari. Nikampa hela ya soda, akakataa.

Nikajisemea, kumbe Mtoni bado kuna watu wana utu.

Nikafunga hema langu. Kamba nikazikaza mpaka zinalia kama gitaa. Nikatandika zulia, nikakunjua kitanda, nikaweka shuka jeupe jipya. Nikawasha jiko kulijaribu. Bomba la moshi halikutaka kazi, moshi wote ukaamua kubaki ndani na mie. Nikatoka nakohoa, macho mekundu, machozi na kamasi.

Getini kasimama jirani yetu, Mama Zulfa, na ndoo yake ya maji. Akaniangalia. Akaangalia turubai, akaangalia viti. Akaweka ndoo chini, akaja kunishika mkono.

"Pole, baba."

Nikamjibu asante. Kwetu pole unapewa hata ukiwa unachambua mchele, nitajuaje?

Nikanawa uso, nikaenda hospitali.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Mtauliza kwa nini hakuna aliyenipigia simu. Ampigie nani? Utampigiaje mfiwa umuulize eti ni kweli umefiwa? Utovu wa adabu huo. Ukishaliona turubai unachukua khanga yako na mkeka, unakwenda. Mjumbe wa nyumba kumi akatuma vijana makaburini wakachimbe. Kina mama wakaleta masufuria. Mama Zulfa, ambaye ana namba za ukoo wetu kuliko mie, akapiga simu Kawe.

Tulirudi na bajaji, Mzee katikati yangu na mke wangu. Tulipokata kona ya kwetu akaona watu.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba. Ile ni kambi yetu ya kuwinda."

Mzee akakodoa macho. Kanzu zimejaa chini ya mwarobaini wa jirani. Kina mama wamekaa mikekani. Mharage unachemka, tena kwenye jiko langu, ambalo walilitoa nje, wakang'oa bomba, na sasa linawaka bila moshi.

"Wawindaji wote hawa?" akauliza.

Nikashuka kwanza. Mtu mmoja akanikumbatia na kuniambia Mzee alikuwa mtu mwema sana. Wakati ananiambia hivyo, mtu mwema sana alikuwa nyuma yangu anatafuta kandambili yake kwenye bajaji.

Kelele iliyopigwa na kina mama pale siwezi kuiandika. Mmoja alikimbia na mwiko mkononi, akarudi baada ya Alasiri. Mjumbe, ambaye kwenye vikao ni simba, alikutwa nyuma ya tangi la maji anasoma dua ambazo nahisi alizichanganya. Kumbukeni pia kitanda changu cha kambi, na lile shuka jeupe. Walikuwa wamekielekeza kibla.

Picha sina. Nani anapiga picha kwenye msiba wa baba yake?

Halafu nikamwona Baba Mkubwa.

Alikuwa kakaa kiti cha mbele, kanzu imelowa kifuani kwa machozi. Hakukimbia kama wengine. Alibaki anamtazama mdogo wake, mdomo umefunguka, fimbo imemdondoka. Wakuu, sikuwahi kumwona yule mzee akilia.

Mzee akatembea polepole mpaka mbele yake.

"Umekuja?"

"Nimekuja kuzika," Baba Mkubwa akasema.

"Basi kaa kidogo, mie sijawa tayari."

Baba Mkubwa akamshika mkono na hakuuachia tena. Nikadhani sasa watasameheana kama kwenye tamthilia. Wapi! Alichosema, huku analia, ni, "Bunduki ya Baba uliitoa bila kuniambia." Mzee akamjibu, "Ningekuambia ungekataa." "Ndiyo, ningekataa!" Wakaendelea hivyo, mikono imeshikana, wanafokeana, machozi yanawatoka wote wawili.

Ugomvi ulikatika Baba Mkubwa alipoinua macho akaliona hema.

"Nani kafunga takataka hii?"

Wakageuka wote kuniangalia. Kaka mtu na mdogo mtu, mara ya kwanza baada ya miaka chungu nzima, wamekubaliana jambo.

Nilitukanwa, ndugu zangu. Kamba nimezikaza mno, turubai likilowa linajikaza lenyewe, zitang'oa vigingi usiku. Mlango nimeuelekeza kwenye upepo. Kitanda nimekigusisha ukuta, mvua ikinyesha maji yatapenya pale pale shuka linapogusa. Turubai jipya linamwagiwa maji kwanza na kuachwa likauke, nyuzi zivimbe zizibe matundu, sikulimwagia. Mfereji wa kuzunguka hema sikuchimba. "Mtoto wa nani huyu?" Baba Mkubwa akauliza. Mzee akajibu kuwa yeye hajui, alinikuta nyumbani.

Wakakaa kwenye viti vya plastiki wanaamrisha. Mie na waombolezaji tukafungua hema, tukaligeuza, tukalifunga upya. Wale vijana waliorudi kutoka makaburini na majembe ndio waliochimba mfereji. Mharage ukaliwa, maana chakula cha msiba hakirudishwi jikoni. Mzee akajilaza kwenye kitanda cha kambi, Baba Mkubwa kwenye mkeka pembeni, wakaongea mpaka jua likashuka.

Porini tulikwenda. Kambi ilisimama vizuri, kitanda mbali na ukuta, mlango kuupa upepo mgongo. Deo hakupata hata unyoya, kwa sababu wazee wawili walipiga domo tangu alfajiri, na kanga wote walihamia wilaya nyingine. Lakini kabla hawajahama walilia. Mzee alikaa kwenye kiti na blanketi, akafumba macho, akasikiliza. Sijawahi kufurahi kama asubuhi ile.

Masika yaliyofuata, usiku, Mzee akatutoka hospitalini. Safari hii kweli.

Baba Mkubwa alifika kabla fundi Kassim hajaamka. Akasema hataki turubai la kukodi, leteni lile la kambi. Tukazikunja kuta zake juu, yeye akafunga kamba kwa mikono yake, moja moja, kwa ule ulegevu alioutaka yeye.

Mtaani watu wanapita wanatusalimia, wanaendelea na safari. Hakuna aliyekuja na mkeka. Mama Zulfa akasimama getini na ndoo, anacheka.

"Mnarudi tena porini? Safari hii mie sidanganyiki ng'o!"

Nikainama kuokota kigingi. Baba Mkubwa naye hakugeuka, aliendelea kufunga kamba. Mama Zulfa akaanza kusema kitu kingine, kisha akaiona ile mikono inavyotetemeka.

Akaweka ndoo chini.

Nilichojifunza, wakuu, mbali na mlango kuupa upepo kisogo: kumzika mtu sisi hatuna mpinzani. Tukisikia kafa tunaacha kazi, tunakopa nauli, tunafika kabla ya maiti. Akiwa hai kitandani anatuulizia, tunasema tutakuja. Baba Mkubwa alipata bahati ya kuja kuzika akakuta mtu anamjibu. Bahati hiyo haigawiwi mara mbili, na nyie hamna mjinga wa kuwafungia turubai kwa makosa.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye kambi zao waniambie bomba la moshi linafungwaje, maana mpaka leo sijalipatia. Waliowahi kuzikwa wakiwa hai waje pia.

Na wewe unayesoma huku kuna mtu wako kalazwa na mmenuniana, komenti yako siihitaji. Mpigie yeye.