Fundi Sikio na Kisu cha Mama Miche

Mume wangu ana jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima unamwita Sikio, na mwenyewe analipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Ni fundi wa visu vya kukunja, vile vya mfukoni ambavyo bapa lake hulala ndani ya mpini. Tumekaa chumba kimoja cha kazi miaka ishirini na sita: yeye dirishani na tupa zake na mawe ya kunolea, mimi ukutani na cherehani yangu, nabadilisha zipu za mabegi. Nikisema namjua, namjua.

Visu vya siku hizi si vile vya zamani. Zamani kisu kilikuwa na springi mgongoni, basi. Chuma chake ukikisahau na maji kinashika kutu, lakini kwenye jiwe kinanoleka upesi. Sasa vinakuja vya chuma cha unga, yaani unga wa madini ulioshindiliwa kwa moto, kigumu mpaka kinakula jiwe badala ya jiwe kukila chenyewe. Sikio ilibidi anunue bamba la almasi la kunolea visu hivyo, na wiki nzima hatukuzungumza jambo jingine nyumbani.

Kufuli zake nazo zimebadilika. Nyingi ni kipande chembamba cha bati gumu ndani ya mpini. Ukifungua kisu, kile kibati kinaruka na kukaa nyuma ya kisigino cha bapa ili lisirudi. Kikikaa sawasawa, vidole vyako viko salama. Kikikaa vibaya, siku utakayokandamiza, kisu kitajikunja juu ya vidole vyako, na makali ya siku hizi hayaulizi mara mbili.

Mafundi wengine hujaribu kufuli kwa kugonga mgongo wa kisu kwenye ubao. Sikio aliwacheka. "Wanaogonga ni viziwi," alikuwa anasema. Yeye alifungua kisu karibu na shavu, kichwa kimeinama, akasikiliza. Kibati kikikaa vizuri kinatoa mlio mkavu, mfupi. Kikikaa vibaya kinakwaruza. Na ili asikie, lazima anipigie kelele: "Simamisha cherehani!" Mara ishirini kwa siku. Zipu iko nusu, mteja ananiangalia, "Simamisha cherehani!" Jamani, maneno hayo mawili niliyachukia kuliko matusi.

Mwaka huu akaacha kuniambia. Nikadhani uzee umemlainisha. Nikamsifu hata kwa dada yangu, kwamba mume wangu siku hizi ana adabu. Lo, mjinga mimi.

Jumanne asubuhi akaja Mama Miche, mwenye kitalu nyuma ya shule. Kazi yake ni kuunganisha vikonyo vya michungwa kwenye miche ya milimau, na vidole vyake ndivyo vinavyoilisha nyumba yake. Binti yake alikuwa amemletea kisu kipya cha chuma cha unga, kizuri ajabu, ila kufuli ilikuwa inang'ang'ania, kukifunga ni mpaka kidole gumba kiumie. Sikio akalegeza skrubu, akasugua uso wa kibati kwa tupa, akakiunga upya, akakifungua karibu na shavu.

"Kimelia," akasema. Mama Miche akashukuru, akaenda zake. Wakati wote huo mimi nilikuwa nashona mkoba wa ngozi, cherehani inanguruma.

Mchana simu ya Sikio ikaita, pale pale chini ya kiwiko chake. Akaendelea kunoa. Ikaita tena. Nikasema huyu amejitia hamnazo kama kawaida yake, nikainuka kwa hasira nikaipokea mwenyewe. Alikuwa Mama Miche, anacheka.

"Dada, mwambie fundi ahsante sana. Kisu sasa kinafungika laini, hata sikisukumi, chenyewe kinakuja!"

Chenyewe kinakuja! Miaka ishirini na sita pale ukutani, kitu nimejifunza: kisu kinachojifunga chenyewe, kufuli yake haishiki. "Kiweke chini!" nikapiga kelele, lakini simu ilikuwa imekatika. Nikapiga, haipatikani.

Nikasimama nyuma ya mume wangu. "Sikio," nikasema kwa sauti ya kawaida. "Sikio, chumba kinaungua." Akageuza jiwe, akalimwagia maji. Nikamgusa bega, akaruka.

"Kisu cha Mama Miche," nikasema mdomo karibu na uso wake, "ulikisikia?"

"Si nimesema kimelia?"

"Cherehani yangu ilikuwa inanguruma. Ulikisikia?"

Akanijia juu. Eti nimeanza kumfundisha kazi, eti nirudi kwenye zipu zangu. Nikamwacha amalize, kisha nikamweleza maneno ya kwenye simu. Uso ukamshuka. "Najua kinavyolia," akasema. "Huwa kinalia hivyo." Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia. Yeye alikuwa anatafuta viatu.

Tulikwenda karibu kwa kukimbia. Njia nzima nilimgombeza, mpaka nikakumbuka kwamba hanisikii.

Tulimkuta Mama Miche amechuchumaa chini ya turubai, vidole vinne vimezunguka mpini, anakandamiza bapa kwenye shina la mche. Sikio hakumsalimu. Alimshika mkono, akakitoa kisu taratibu. Kisha yeye, aliyewacheka wanaogonga, akagonga mgongo wa kisu kwenye meza ya miche. Mara ya kwanza kikashika. Mara ya pili bapa likajikunja lote mpinini. Mama Miche akaangalia vidole vyake, kimoja kimoja.

"Fundi, si ulisema kimelia?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni: tupa mpya, chuma cha ajabu, bahati mbaya. Sikio akanitangulia.

"Sikusikia," akasema. "Tangu mwaka jana sisikii vizuri. Nilikudanganya, dada yangu. Nisamehe."

Mama Miche hakumsamehe. Alimpa maneno yake, na Sikio aliyastahili yote. Akakubali tu kuazima kisu cha zamani cha Sikio, cha springi, ili amalize miche yake.

Kesho yake akaja kusimamia kazi mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, mikono kifuani. Sikio akanyoosha upya uso wa kibati, akabadilisha pini inayozuia bapa, akaweka nene zaidi. Akagonga ubaoni mara kumi. Kikashika mara zote kumi. Kisha akanigeukia.

"Simamisha cherehani," akasema.

Nikaisimamisha. Akaja mpaka kwangu, akakifungua kisu karibu na shavu langu, macho yake usoni mwangu.

"Kinakwaruza," nikasema.

Akarudi kwenye tupa bila kubisha, mtu ambaye hajawahi kunikubalia jambo kabla ya kubishana nusu saa. Akarudi tena kwangu. Safari hii mlio ulikuwa mkavu, mfupi.

"Kimelia," nikasema.

Akamnyooshea Mama Miche kisu. Mama Miche hakukipokea. Alinitazama mimi.

"Umesikia wewe mwenyewe, dada?"

"Nimesikia."

Ndipo akakichukua.